Mibuni ya Misioni na Njegere za Mendel



Wapendwa wanaparokia, tupitapo Kaloleni jioni twakuta birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, na kando yake ndizi zilizoteremshwa kutoka Meru. Mbuni na mgomba hukua pamoja shambani, mmoja ukimpa mwenzake kivuli. Juma hili tuitazame historia yao, kwa maana ndani yake limo somo zima la urithi wa viumbe.

Asili ya kahawa ya arabika ni misitu ya Ethiopia. Ilivuka hadi Yemen, na mwaka 1715 Wafaransa wakaipeleka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, walipanda huko kahawa ya Bourbon, kisha wakaifikisha Kilema, misioni waliyoianzisha mwaka 1890 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wachaga, na baadaye Wameru na Waarusha, wakaifanya kuwa zao lao. Kwa miaka mingi ndiyo iliyolipa karo za watoto.

Mwaka huohuo wa 1868, katika mji wa Brno, mtawa Mwaugustino Gregor Mendel alichaguliwa kuwa abati. Miaka miwili kabla, alikuwa amechapisha matokeo ya majaribio yake juu ya njegere. Aliichagua njegere kwa sababu ua lake hujichavusha lenyewe: chavua huangukia sehemu ya kike ya ua lilelile. Alipochanganya njegere ndefu na fupi, uzao wa kwanza wote ulikuwa mrefu. Uzao huo ulipojichavusha, ufupi ukarudi katika mmea mmoja hivi kati ya minne. Basi sifa yaweza kufichika bila kupotea, na kila mzazi humpa mtoto sehemu yake ya kile tunachokiita leo jeni. Mendel alifariki mwaka 1884. Wataalamu walitambua thamani ya kazi yake mwaka 1900.

Ua la arabika nalo, kwa sehemu kubwa, hujichavusha. Ndiyo maana mche uliooteshwa kwa mbegu hufanana sana na mama yake. Mgomba huenda mbali zaidi: hauhitaji mbegu, na chipukizi lake ni nakala ya mama. Mkulima hufurahi, kwa kuwa ajua atakachovuna. Lakini wanaofanana kwa afya hufanana pia kwa udhaifu. Kisiwani Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kutu ya majani ilionekana mwaka 1869. Haikupita miongo miwili, wakulima wakaiacha kahawa na kupanda chai.

Kwetu, kutu hiyo pamoja na chulebuni ziliwalazimisha wakulima kununua dawa mwaka hata mwaka. Kituo cha Lyamungu, kilichoanzishwa mwaka 1934, kilichagua aina nzuri kama N39 na KP423, zenye ladha tamu ila zisizoyahimili magonjwa hayo. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, iliyoanza kazi hapo mwaka 2001, imezalisha aina zinazoyahimili kwa kuchanganya kahawa yetu na jamaa zake wa mbali, kama ile ya Rume ya Sudan na ile ya Timor. Kazi hiyo hufanywa kama alivyofanya Mendel: sehemu za kiume za ua huondolewa kabla halijafunguka, kisha hupakwa chavua ya mti mwingine. Miche ya aina hizo huzalishwa kwa vikonyo, maana kwa mbegu sifa zingeweza kutawanyika tena.

Tunajua si rahisi mzee kung'oa mibuni aliyoachiwa na baba yake. Hata hivyo, mibuni hiyo yenyewe ilikuja ikiwa mgeni, na sasa imepata uzima kwa wageni wengine. Sisi wa mjini, tulio majirani wa watu wa makabila mengi, tulikumbuke hilo tunapomwita jirani wa kuja.

Dominika njema.