Kwenye Kope Bandia, Mshitakiwa ni Gundi

Septemba 2018, jijini Dodoma, Spika wa Bunge la Tanzania wa wakati huo, Job Ndugai, alipiga marufuku wabunge kuingia ukumbini wakiwa na kope za kubandika na kucha bandia. Uamuzi huo ulifuata maelezo ya Naibu Waziri wa Afya, Dk. Faustine Ndugulile, kuhusu madhara ya urembo wa namna hiyo. Sehemu kubwa ya mjadala uliozuka ilimkodolea macho mwanamke mwenyewe: wapo waliosema mwili ni wake na hela ni zake, na wapo waliosema uzuri wa kununua hauna staha. Swali lililosikika kwa mbali ni lile lenye uzito zaidi: kinachoumiza jicho ni kitu gani hasa, na nani awajibike kwacho? Ukizifuata kope hizi tangu zilipoanza hadi zilivyo leo katika saluni za Kariakoo au Eastleigh, utagundua kwamba ni nadra unywele wenyewe kuwa ndio mkosaji. Mshitakiwa, karibu kila mara, ni kile kinachoushikilia unywele huo au kinachopakwa juu yake. Jamii zilizolielewa hilo zilipunguza madhara. Zile zilizoishia kumgombeza mwanamke ziliyaacha palepale.

Tuanze na dai kwamba kuremba kope ni ugeni ulioletwa juzi. Wamisri wa kale, wanaume kwa wanawake, walipaka macho unga mweusi wa madini maelfu ya miaka iliyopita, na wanja wa manga umekaa katika pwani yetu vizazi na vizazi, ukapakwa bibi harusi, ukapakwa hata mtoto mchanga. Hakuna aliyehitaji jarida la Ulaya kumfundisha kwamba jicho lenye ukingo mweusi huonekana kubwa zaidi. Lakini hata wanja, pamoja na heshima yake yote, unatufundisha lilelile: baadhi ya wanja umesagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi, na mamlaka za afya zimeonya mara nyingi kuwa risasi hiyo huingia mwilini, hasa kwa watoto. Pambo ni lilelile, kijiti ni kilekile, na umbo machoni ni lilelile. Kilichomo ndani ya kichupa ndicho kinachotofautisha wanja salama na wanja wa hatari.

Ulaya ya mwisho wa karne ya 19 ilikuwa na tamaa ya kope ndefu ila haikuwa na gundi ya kuaminika, na hapo ndipo mambo yalipogeuka ya kutisha. Magazeti ya Uingereza, likiwemo *Truth* la Henry Labouchère mwaka 1882, yalisimulia habari za wanawake wa Paris walioshonewa kope. Maelezo ya mwaka 1899 yalitaja sindano nyembamba iliyopitishwa kwenye ukingo wa kope ikiwa imetungwa unywele uliotoka kichwani mwa mteja mwenyewe, baada ya kupakwa kokeini ili ganzi iingie. Kokeini haikuwa mzaha wa mwandishi, kwani mwaka 1884 huko Vienna daktari Carl Koller alikuwa ameonyesha kwamba inatia jicho ganzi kwa ajili ya upasuaji. Ni wangapi hasa walioshonwa hivyo ni jambo la kubishaniwa, maana magazeti ya enzi hizo yalipenda vioja. Hata hivyo mantiki ya sindano iko wazi: mtu hutoboa pale anaposhindwa kubandika.

Karl Nessler, msusi Mjerumani ambaye baadaye alipata jina kwa mashine ya kukunja nywele, alisajili uvumbuzi wa kope na nyusi bandia nchini Uingereza mwaka 1902. Mwaka 1911 Anna Taylor wa Kanada alipata hataza ya Marekani ya kope zilizopangwa kwenye kiukanda chenye umbo la mwezi mwandamo, babu wa kope za mkanda zinazouzwa leo kila duka la vipodozi. Miaka mitano baadaye zikaingia kwenye sinema. Katika filamu *Intolerance* ya mwaka 1916, mwongozaji D. W. Griffith alitaka macho ya mwigizaji Seena Owen yawe makubwa kuliko ya binadamu wa kawaida. Mtengeneza mawigi akafuma nywele za binadamu kwenye kitambaa chepesi, akazibandika kwa gundi ya utomvu, ileile waliyotumia waigizaji kushikilia ndevu za uongo. Mwigizaji mwenzake, Lillian Gish, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba Owen alifika kazini siku moja macho yamevimba, karibu hayafunguki. Nywele zile zilikuwa nywele tu, kama za kichwani. Kilichohama kutoka kidevuni kwenda jichoni, bila mtu kujiuliza, ni gundi.

Funzo kubwa zaidi lilikuja katika miaka ya 1930, nalo lilitokana na rangi. Marekani iliuza bidhaa iitwayo Lash Lure, ya kutia kope weusi wa kudumu, ndani yake mkiwa na kemikali inayofupishwa PPD. Wasomaji wa Mombasa na Zanzibar wanaijua bila kujua kwamba wanaijua: ndiyo inayoipa piko weusi wake, na ndiyo inayowaacha baadhi ya maharusi na malengelenge mikononi badala ya maua. Ikipakwa jichoni matokeo yalikuwa mabaya mno. Wapo waliopofuka, na kifo kiliripotiwa. Serikali haikuwa na la kufanya, kwa sababu sheria ya mwaka 1906 ilihusu vyakula na dawa, vipodozi havikutajwa. Maofisa wa mamlaka ya chakula na dawa walikusanya picha za waathirika na bidhaa zilizowaumiza, wakazionyesha kwa umma na kwa wabunge, hadi Rais Franklin Roosevelt alipotia saini sheria mpya Juni 1938, iliyoviweka vipodozi chini ya uangalizi. Lash Lure ilikuwa bidhaa ya kwanza kukamatwa kwa sheria hiyo. Marekani haikupiga marufuku wanawake wenye kope nyeusi. Ilikwenda kuikamata chupa.

Gundi inayotumika leo ilizaliwa kwa bahati, tena vitani. Mwaka 1942 Harry Coover na wenzake wa kampuni ya Eastman Kodak walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Wakaangukia jamii ya kemikali iitwayo sayanoakrileti, wakaitupa kwa kuwa ilinata kila ilipogusa. Mwaka 1951 waliirudia na kutambua kwamba kero hiyo ndiyo kipaji chake, na mwaka 1958 ikaingia sokoni. Sisi tunaiita supagluu. Siri yake ni kwamba haikauki kama rangi ya ukuta inavyokauka. Huganda inapokutana na unyevunyevu, hata ule ulio hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Korea Kusini na Japani zikaifanya kuwa msingi wa ufundi mpya: kubandika ukope mmoja bandia juu ya ukope mmoja wa asili, ukae wiki kadhaa.

Kazi hiyo ukiitazama kwa karibu inastahili heshima. Mteja amelala chali, kope za chini zimefunikwa kwa plasta laini yenye jeli, macho yamefumbwa. Fundi ana vibano viwili. Cha mkono mmoja kinatenga ukope mmoja kutoka kwa jirani zake, cha mkono wa pili kinachovya uzi mweusi wa plastiki kwenye tone la gundi na kuulaza juu ya ule wa asili, ukianzia umbali usiofika milimita moja kutoka kwenye ngozi. Ukingo wa juu wa jicho una kope kati ya 90 na 150 hivi, kwa hiyo macho yote mawili huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Paketi inaweza kujinadi kuwa ni hariri au manyoya, lakini ndani mara nyingi ni plastiki. Nyingi hutoka Pingdu, mkoani Shandong, China, na mwaka 2024 shirika la habari la Reuters liliripoti jinsi sehemu ya kope zinazouzwa kwa nembo ya China zilivyotengenezwa na mikono ya Korea Kaskazini. Kila uzi una safari ndefu kuliko ya anayeuvaa.

Sasa ushahidi wa madhara. Mwaka 2012 madaktari wa macho wa Japani walichapisha katika jarida la *Cornea* taarifa ya wanawake 107 waliofika hospitali na maradhi yaliyotokana na kope hizi. Wengi walikuwa na uvimbe wa konea na utando wa jicho, wengine mzio kwenye ngozi ya kope. Gundi walizozipima zilitoa fomaldehaidi, kemikali ambayo kwa jina la fomalini hutumika kuhifadhi maiti. Wakati huo Japani ilikuwa imeshachukua hatua: mwaka 2008 wizara yake ya afya ilitangaza wazi kwamba kubandika kope ni kazi ya mrembaji mwenye leseni. Tangazo hilo halikufuta madhara yote, na malalamiko yaliendelea kufika kwa watetezi wa walaji. Lakini lilimwambia kila mtu nani wa kuulizwa.

Ukiielewa gundi, matunzo nayo yanaeleweka bila masharti ya kukariri. Macho hufumbwa muda wote kwa sababu mvuke wa gundi ndio unaochoma, hata tone lisipogusa jicho. Mafuta ya nazi na vipodozi vya mafuta hukwepwa kwa kuwa hulegeza mshiko. Kurudi kujaziwa kila wiki mbili au tatu si ujanja wa saluni wa kula hela, maana kope za asili hudondoka zenyewe kwa zamu na huenda na mzigo wake. Kosa linalofanywa sana ni kuogopa kuosha. Anayekaa wiki nzima bila kugusa kope kwa maji na sabuni laini huacha jasho, mafuta na ngozi iliyokufa virundikane kwenye mizizi, na ukingo wa jicho huwasha na kuvimba. Zikianza kulegea, kuzing'oa kwa vidole ni kung'oa na za asili, na mzizi ukivutwa mara kwa mara unaweza kugoma kuotesha tena. Na lile jaribio la kupaka gundi kidogo kisha kusubiri dakika tano halina maana: mzio wa namna hii huweza kujitokeza baada ya siku moja hadi tatu.

Atatokea wa kusema dawa rahisi ni kuacha kabisa, na sayansi inampa nguvu. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Georgia Tech cha Marekani waliochunguza wanyama 22 wakiongozwa na David Hu walionyesha kwamba kope hulinda vizuri zaidi zikiwa na urefu wa theluthi moja hivi ya upana wa jicho. Zikizidi, huelekeza upepo na vumbi jichoni badala ya kuvizuia. Nakubali. Kope zilizopitiliza ni upuuzi hata zikibandikwa na bingwa. Ila hoja hiyo inahusu kipimo, na kipimo ni jambo la fundi na mteja kukubaliana. Pingamizi la dini lina uzito wake pia: wanazuoni wengi wa Kiislamu huzuia kuunga nywele kwa kutegemea hadithi inayojulikana, na juu yake kuna suala la maji ya udhu kufika panapotakiwa. La kwanza ni la dhamira ya muumini, wala gazeti haliwezi kumwamulia. La pili, tazama, linaturudisha kwenye gundi, kwani kope ya mkanda huvuliwa kabla ya udhu na ile ya wiki tatu haivuliki.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la riziki. Saluni ni ajira ya maelfu ya wasichana ambao hawakupata mtaji wa kitu kingine, na ukitamka neno leseni wanasikia harufu ya rushwa na mgambo. Hofu hiyo ina sababu. Hata hivyo vyombo vinavyohitajika tayari vipo. Nchini Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na mamlaka ya ufundi stadi, VETA, inafundisha urembo. Kenya ina shirika lake la viwango, KEBS, kwa bidhaa, na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, kwa kupima ujuzi wa mafundi. Mzigo wa kwanza uangukie muagizaji wa gundi, aandike kwenye kichupa viungo vyake na tarehe ya kuisha, kwa sababu yeye ana kontena na fundi ana stuli moja na taa. Mafunzo ya siku chache kuhusu usafi wa vibano, mzio na namna ya kuziondoa kope hayatamfilisi mtu. Macho ya mteja yakivimba, wa kwanza kupoteza wateja ni fundi huyohuyo.

Mpaka hilo lifanyike, msomaji, usilale kwenye kile kitanda kabla ya kuomba kichupa cha gundi ukisome: kina nini, kinaisha lini, kilifunguliwa lini. Gundi iliyokwisha kufunguliwa haipaswi kuzidi mwezi mmoja au miwili. Fundi anayeijua kazi yake atakuonyesha bila kununa, na asiyetaka kukuonyesha, peleka hela yako kwingine.