Zilizopendwa Zilipokuwa Mpya

Msikilizaji wa makamo wa Kitale au Bungoma aliyezoea zilizopendwa aghalabu huukataa muziki mpya kwa hoja kwamba hauna mizizi. Historia yaikanusha hoja hiyo. Miaka ya 1960, Daudi Kabaka alipovumisha twisti, mtindo huo ulikuwa mgeni kwa wazee waliokulia katika milio ya litungu, ala ya Wabukusu yenye nyuzi saba. Jina lenyewe, zilizopendwa, lina kiambishi -li- cha wakati uliopita: zilipendwa zikiwa mpya. Basi anayempendekezea mzee wimbo mpya asidai kwamba umeupiku wa kale, bali aonyeshe ulichorithi. Vijana wasiposikizwa na wazee hukosa wahakiki. Nalo litungu hukosa warithi.