Ushahidi wa Sarafu Kuukuu

Msomaji, huenda nyumbani kwenu liko kasha la zamani ambalo chini yake zimelala sarafu chache zilizofifia, hazinunui kitu tena sokoni. Usizipuuze. Kumbuka kwamba jina la fedha tunayoitumia Kenya hata leo, yaani shilingi, lilitoka Uingereza. Huko pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa peni 12. Tarehe 15 Februari 1971 Waingereza waliiacha hesabu hiyo, wakaigawa pauni kwa peni 100. Shilingi ikafa kwao, ikabaki kwetu. Basi, atakaye kujua jina hilo limepita njia gani hana budi kujifunza kuzisoma sarafu kuukuu za Uingereza.

Nasema kuzisoma, wala sikukosea neno. Kila sarafu ina ndimi mbili. Ulimi wa kwanza ni sura na maandishi yake. Huo ni ulimi wa mfalme, nao husema yale ambayo mfalme alitaka yaaminiwe. Ulimi wa pili ni madini na uzito wake. Huo hauna bwana. Mwanafunzi wa historia ni kama hakimu aliyeletewa mashahidi wawili: akimsikiliza mmoja tu, hukumu yake itakuwa na kasoro.

Tuanze na shahidi wa kwanza. Ukiishika sarafu ya Uingereza, tazama kichwa kimeelekea upande gani. Tangu enzi ya Mfalme Charles wa Pili, aliyerudi kutawala mwaka 1660, ilikuwa desturi kila mtawala atazame upande usiokuwa wa yule aliyemtangulia. Kwa mfano, Malkia Victoria hutazama kushoto kwako, na mwanawe Edward wa Saba hutazama kulia. Kisha soma maandishi yaliyozunguka kichwa. Ni ya Kilatini, na aghalabu yamefupishwa. REX ni mfalme, REGINA ni malkia, na herufi D na G maana yake ni "kwa neema ya Mungu". Usishangae kuona GEORGIVS. Ndiye George, kwa kuwa Kilatini cha kale kiliandika V mahali pa U.

Maneno hayo machache yaweza kukusimulia kisa kikubwa. Tangu mwaka 1893 sarafu za Uingereza zilikuwa na herufi IND IMP, maana yake mtawala mkuu wa India. India ilipata uhuru mwaka 1947. Chukua peni ya mwaka 1948, utaziona herufi hizo. Chukua ya mwaka 1949, hazipo. Kichwa ni kile kile cha George wa Sita, lakini milki nzima imeanguka katikati ya sarafu mbili.

Sasa tumwite shahidi wa pili. Katika lugha yetu neno "fedha" lina maana mbili: madini meupe, na mali ya kununulia. Kwa Waingereza wa kale mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Peni yao, iliyopigwa tangu enzi ya Offa, mfalme wa Mercia aliyetawala tangu mwaka 757 hata 796, haikuwa ya shaba bali ya fedha. Thamani yake ilikuwa ndani ya madini yenyewe, hata mtu aliyetaka nusu peni aliweza kuikata peni vipande viwili.

Ili watu waiamini, jina la mpigaji liliandikwa juu ya sarafu pamoja na mji wake. Aliyechanganya fedha na madini hafifu alijulikana. Mfalme Henry wa Kwanza aliposikia malalamiko kuwa peni zimeharibika, wapigaji wengi waliitwa Winchester, wakati wa Krismasi ya mwaka 1124 na siku zilizofuata, wakakatwa mikono ya kuume. Adhabu ilikuwa ya kikatili, lakini sheria yake ilikuwa wazi: aharibuye fedha awaibia watu wote.

Je, mwizi akiwa ni mfalme mwenyewe, nani atamkata mkono? Swali hilo lilikuja miaka mia nne baadaye. Mfalme Henry wa Nane alihitaji mali nyingi kwa vita vyake na Ufaransa na Uskoti. Sarafu nzuri ya Uingereza ilikuwa na sehemu 925 za fedha katika kila sehemu 1,000. Tangu mwaka 1544 mfalme alipunguza fedha na kuzidisha shaba, na kabla hajafa mwaka 1547 fedha ilikuwa imebaki theluthi moja tu. Juu ya sarafu hizo sura yake imetutazama usoni, nene, yenye ndevu na taji, na maandishi yakimtukuza. Lakini pua ndiyo iliyochomoza kuliko sehemu nyingine. Sarafu ilipopita mikononi mwa watu, weupe wa juu ulilika kwanza puani, na shaba nyekundu ikatokea. Watu wakamwita mfalme wao Mzee Pua ya Shaba. Njia ya mwongo ni fupi.

Wahenga wetu walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo ilivyokuwa. Wenye sarafu nzuri za zamani walizificha, na zile mbaya zikatembea masokoni, bei za vitu zikapanda. Aliyeumia zaidi ni mtu wa kijungujiko, maana mshahara wake ulikuwa peni zile zile kwa hesabu, lakini hazikununua mkate ule ule. Malkia Elizabeth wa Kwanza, binti wa mfalme huyo, ndiye aliyeamuru mwaka 1560 sarafu mbovu zikusanywe na nyingine safi zipigwe.

Usidhani kisa hicho ni cha mbali nasi. Mwaka 1920 Uingereza ilipunguza fedha katika shilingi yake kutoka sehemu 925 hadi 500, na mwaka 1947 ikaiondoa kabisa. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye picha ya simba, iliyoanza na mwaka 1921, ilikuwa na sehemu 250 tu. Kwa uso, shilingi ilikuwa sawa na shilingi. Kwa madini, ya kwetu ilikuwa hafifu zaidi. Hata hivyo, wakati huo watu hawakuipokea sarafu kwa fedha iliyomo, bali kwa kuiamini serikali iliyoitoa. Na ndivyo tunavyopokea noti na sarafu hata leo.

Basi, ukitaka kukusanya sarafu kuukuu, anza na hizo chache ulizo nazo. Ipime kila moja kwa mizani ya shule, kisha andika daftarini uzito, mwaka, maandishi, na mahali ulipoipata. Ikiwa haina mwaka, usiitupe, kwani sarafu za fedha za Uingereza zilizotangulia enzi ya Edward wa Sita, aliyeanza kutawala mwaka 1547, hazikuandikwa mwaka. Wala usiisugue kwa ndimu na majivu ili ing'ae. Ukiisugua wafuta ushahidi, nayo thamani yake yapungua.

Juu ya yote, zoea kuuliza maswali mawili mbele ya kila kumbukumbu ya kale, iwe sarafu, barua, au sanamu: inasema nini juu ya mwenye kuitengeneza, na imetengenezwa kwa nini hasa? Henry wa Nane aliagiza taji lake lionekane vizuri. Kilichobaki vinywani mwa watu ni pua.