Boya Lisilo na Nanga

Usiku wa manane wa tarehe 14 Desemba 2002, ukungu ukiwa umetanda kaskazini ya pwani ya Ufaransa, meli Tricolor, iliyopakia magari karibu 3,000, iligongana na meli iitwayo Kariba ikazama. Mabaharia wake wote waliokolewa. Lakini bahari pale haina kina kirefu, na gofu la meli lililala ubavu, likiwa karibu na uso wa maji, katika mojawapo ya njia zenye meli nyingi kupita zote duniani. Zikawekwa meli za ulinzi, yakatiwa maboya, indhari zikatolewa kwa redio. Siku mbili baadaye meli Nicola ililipanda gofu lile lile. Na siku ya kwanza ya mwaka 2003 ikaja Vicky, iliyosheheni mafuta, nayo ikalipanda.

Mabaharia wa bahari hizo hawakuwa wageni wa balaa la namna hii. Januari 1971, Texaco Caribbean ilizama katika mlango wa bahari wa Dover; kesho yake Brandenburg ikagonga mabaki yake, na mwezi uliofuata ikafuata Niki, iliyozama na watu wake wote. Maafa hayo ndiyo yaliyoyasukuma mataifa kukubaliana mwaka 1980 juu ya rangi na maumbo ya maboya, kwani kabla ya hapo rangi moja ilikuwa na maana hii katika bandari moja na maana nyingine katika bandari ya pili. Baada ya Tricolor likabuniwa, mwaka 2006, boya la dharura lenye mistari wima ya buluu na manjano. Hata hivyo boya la chuma halina mbawa: hupakiwa melini, likapelekwa, likafungwa mnyororo na kutiwa nanga, na saa zote hizo gofu li pale pale linangoja.

Hapo ndipo lilipopata nafasi boya lisilo na mwili. Baina ya mwaka 2002 na mwisho wa 2004, meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri baina ya nchi na nchi zililazimishwa kuchukua chombo cha redio kinachotangaza jina, mahali na mwendo wa meli. Mfumo huo huo waweza kutangaza alama. Kituo cha pwani hurusha ujumbe kwamba mahali fulani pana boya, na kwenye kioo cha nahodha huchomoza umbo la almasi, ilhali majini hapana kitu. Namba ya alama za aina hii huanzia 99, isije ikadhaniwa kuwa ni chombo kinachosafiri. Alama huwekwa kwa dakika chache, haing'olewi na dhoruba wala barafu, na fungu la mchanga likihama nayo huhamishwa. Mwaka 2014 walinzi wa pwani wa Marekani waliijaribu katika eneo la San Francisco.

Ni jambo jipya, lakini si jipya kwa ukamilifu wake. Katika karne ya 15, Ahmad ibn Majid, nahodha mzaliwa wa Julfar, alitunga urjuza ya safari ya Sofala, iliyoipitia pwani yetu ya Afrika Mashariki. (Kisa cha kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 wataalamu wengi wamekwisha kukikataa, ingawa barazani hakijafa.) Tungo hiyo ilihifadhiwa Leningrad, na Theodor Shumovsky akaichapisha mwaka 1957. Ndani yake, bandari hutambulishwa kwa urefu wa nyota juu ya upeo wa bahari, uliopimwa kwa vidole. Kina na vina vilikuwa na kazi: neno likidondoka, ubeti unalegea na msomaji anajua kuwa pana pengo. Alama zile nazo hazikuwa na mwili wala mnyororo, ila zilikaa kifuani mwa mtu. Na aliyezihifadhi alizichukua hata katika chombo duni kabisa.

Hii ya leo haichukuliki hivyo. Yataka chombo, umeme na kioo, na meli zilizolazimishwa kuwa navyo ni zile kubwa. Inafaa kukumbuka kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1566 iliyoipa Trinity House idhini ya kusimamisha alama za baharini ilikataza pia kubomoa minara ya makanisa na kukata miti ambayo mabaharia walikuwa wakiilenga. Mti ule ulimfaa nahodha wa merikebu na ulimfaa mwenye mtumbwi, na haukumwuliza yeyote ana nini mkononi.

Tena ujumbe wa redio hauna muhuri. Juni 2021, njia za meli mbili za kivita, moja ya Uingereza na moja ya Uholanzi, zilionekana kwenye ramani za intaneti zikielekea Sevastopol, na meli zenyewe zimefunga bandarini Odessa. Anayeweza kuzua meli hashindwi kuzua boya.

Ramani hizo za intaneti nazo zina asili ya kisiwani. MarineTraffic, iliyoanza mwaka 2007, ilichipuka katika Chuo Kikuu cha Aegean, kwenye kisiwa cha Syros, Ugiriki. Leo mtu aliyeketi chumbani, asiyewahi kushika sukani, hufungua ramani, akaigusa ile almasi, akasoma jina la boya na namba yake ya 99. Mvuvi wa ngalawa, akipita saa hiyo hiyo juu ya mahali hapo hapo, huona maji.