Alifu na Lamu katika Katiba ya Misri

Lugha yetu ilipolipokea neno sheria kutoka Kiarabu, ililipanulia uwanja. Katika Kiarabu, sharia ni njia aliyowekewa mja na Mola wake. Sheria inayotungwa na watu bungeni huitwa kwa jina jingine, nalo ni kanuni. Sisi tuliyapokea maneno yote mawili, kisha tukayagawia kazi upya. Sheria ikawa amri yoyote ya dola, hata ile ya kuegesha gari. Kanuni ikawa utaratibu mdogo unaoifuata sheria. Ndiyo maana Mswahili hana budi kusema "sheria ya Kiislamu" pale ambapo Mwarabu hutosheka na neno moja.

Nalitaja jambo hili kwa sababu lina deni ndani yake. Baada ya kuhitimu chuo cha ualimu nilifundisha Historia na Kiswahili katika shule za sekondari hadi nilipostaafu. Siku moja msichana wa kidato cha tatu alisimama akaniuliza: "Mwalimu, nchi ikiandika katika katiba kwamba inafuata sheria ya Mungu, halafu bunge nalo likatunga yake, nani anaamua?" Nilimjibu kwamba swali hilo halimo katika muhtasari wa masomo. Akaketi. Ukweli ni kwamba sikulijua jibu, na sikuwa na ujasiri wa kukiri. Leo najaribu kulilipa deni hilo kwa mfano wa nchi moja, Misri.

Katiba ya Misri ya mwaka 1923 ilitamka kwamba Uislamu ni dini ya dola na Kiarabu ni lugha yake rasmi. Haikusema lolote kuhusu chimbuko la sheria. Neno hilo liliingia katika katiba ya mwaka 1971, wakati wa Rais Anwar Sadat. Ibara ya 2 ilisema kwamba misingi ya sheria ya Kiislamu ni chanzo kikuu cha utungaji wa sheria. Kwa Kiarabu maneno yalikuwa masdar ra'isi, yaani chanzo kimojawapo miongoni mwa vyanzo vikuu. Tarehe 22 Mei 1980 ibara hiyo ilirekebishwa, ikasomeka al-masdar al-ra'isi. Kilichoongezwa ni alifu na lamu mbele ya kila neno, basi.

Kiswahili hakina alifu na lamu ya namna hiyo, na kwa muda mrefu niliona kwamba tofauti hiyo haitafsiriki. Nilikosea. Tunayo njia yetu. Katiba ya 1971 ilisema misingi hiyo ni chanzo kikuu. Marekebisho ya 1980 yalisema misingi hiyo ndiyo chanzo kikuu. Mtunzi wa mashairi aliyewahi kuhangaika na mizani moja iliyozidi hatashangaa kwamba silabi chache zinaweza kubeba uzito wa taifa.

Marekebisho yaleyale yaligusa pia ibara ya 77. Awali rais aliruhusiwa kuchaguliwa tena kwa kipindi kingine. Baada ya marekebisho, aliruhusiwa kuchaguliwa kwa vipindi vingine. Mtoto wa darasa la kwanza anaijua tofauti ya ki na vi. Wengi wameona kwamba utamu wa badiliko la kwanza ulisaidia kulimezesha la pili. Sadat mwenyewe hakulivuna tunda hilo, kwa kuwa aliuawa tarehe 6 Oktoba 1981. Aliyelivuna ni Hosni Mubarak, aliyetawala hadi Februari 2011.

Sasa turudi kwa swali la msichana. Misri ilikuwa na Mahakama Kuu ya Katiba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Shauri lililoipima lilihusu riba. Chuo Kikuu cha Al-Azhar kilidaiwa fedha za vifaa vya upasuaji, pamoja na riba ya ucheleweshaji. Riba hiyo iliruhusiwa na ibara ya 226 ya sheria ya madai ya mwaka 1949, kwa kiwango cha asilimia 4, au 5 katika mambo ya biashara. Chuo kikaleta hoja kwamba ibara hiyo inapingana na katiba, kwa kuwa riba ni haramu. Mei 1985 mahakama ilijibu kwamba ibara ya 2 iliyorekebishwa inalifunga bunge kwa sheria zitakazotungwa baada ya 22 Mei 1980. Sheria za zamani ni wajibu wa bunge kuzisafisha. Mahakama haitazitangua kwa kigezo hicho. Riba ikabaki.

Sheria mpya je? Katika hukumu za miaka ya 1990 mahakama ilitofautisha hukumu za sheria zilizo za yakini, kwa kuthibiti kwake na kwa dalili yake, na zile zilizo za dhana. Za kwanza bunge haliwezi kuzivunja. Katika za pili, mtawala ana nafasi ya ijtihadi kwa kuzingatia maslahi ya watu na makusudio ya sheria. Msomaji ataona kwamba karibu kila neno katika sentensi hizo tunalo katika Kiswahili, ingawa dhana kwetu imehama, ikawa wazo lolote. Mwaka 1996 kigezo hicho kilitumika pale baba mmoja alipopinga amri ya Waziri wa Elimu iliyowakataza binti zake kuingia shuleni wakiwa wamevaa nikabu. Mahakama ilisema kufunika uso si jambo la yakini, hivyo amri ya waziri ikasimama.

Mwaka 2012 waandishi wa katiba mpya walijaribu kuifafanua "misingi" wenyewe, katika ibara ya 219, kwa istilahi za fikihi ya madhehebu ya Sunni. Ibara ya 4 ikataka wanazuoni wakuu wa Al-Azhar waulizwe rai yao katika mambo yanayohusu sheria ya Kiislamu. Katiba ya 2014 iliifuta ibara ya 219 pamoja na sharti hilo. Utangulizi wake ukaelekeza kwamba tafsiri ya misingi hiyo itafutwe katika hukumu za Mahakama Kuu ya Katiba. Alifu na lamu zimebaki mahali pake.

Basi jibu nililopaswa kulitoa ni hili. Bunge linatunga, wanazuoni wanafasiri, lakini nchini Misri anayeamua ni jaji, kwa kuchagua lipi aliite yakini na lipi aliite dhana. Andiko la katiba halijisomi lenyewe. Kwa hiyo swali linalofuata, ambalo msichana yule angelifikia kama nisingemkalisha, ni nani anayemteua jaji huyo, na nani anaweza kumwondoa. Huko ndiko mtu anayetaka kujua nchi inatawaliwa na nini anakopaswa kutazama, baada ya kuisoma ibara ya 2.

Wasomaji wanaokijua Kiarabu kunishinda, nami najua ni wengi, wanisahihishe pale nilipoteleza.