Chimbuko la Ushauri Nasaha wa Ndoa Marekani

Historia ya ushauri nasaha wa ndoa Marekani, yaani tiba ya mazungumzo kwa mume na mke, ina doa: Paul Popenoe, aliyefungua taasisi yake ya ushauri huo Los Angeles mwaka 1930, alikuwa mtaalamu wa kilimo cha tende aliyeshikilia yujeniki, nadharia ya kuboresha kizazi kwa kuamua nani azae, hivyo alitaka hasa ndoa za Wazungu aliowaona bora zisivunjike. Hata hivyo, utaratibu wake wa ushauri ulidumu kuliko nadharia hiyo. Katika safu ya visa vya taasisi hiyo iliyoanza mwaka 1953 kwenye jarida la Ladies' Home Journal, mke alitoa malalamiko yake kwanza, mume akafuata, kisha mshauri akabainisha kiini cha ugomvi, ingawa mzigo wa kubadilika, mara nyingi mno, alitwishwa mke.