Kilo 68 Mgongoni

Jumanne ya tarehe 3 Novemba 1931, katika uwanja wa Flemington mjini Melbourne, Australia, farasi mwekundu mrefu aitwaye Phar Lap alisogezwa kwenye mstari wa kuanzia akiwa na kilo 68 mgongoni. Uzito huo ulikuwa wa joki wake, Jim Pike, pamoja na tandiko na vipande vya risasi vya kujazia upungufu. Mmoja wa wapinzani wake, White Nose, alibeba kilo 43.5. Walikimbia maili 2 kuwania Kombe la Melbourne. White Nose akashinda. Phar Lap, aliyelitwaa kombe hilohilo mwaka mmoja nyuma, akamaliza wa nane.

Hakuna aliyevunja sheria. Hiyo ndiyo hendikapu: hodari huongezewa mzigo, dhaifu hupunguziwa, ili ikiwezekana wote wafike mwisho bega kwa bega. Tangu karne ya 18 watu wa mbio za farasi wanahangaika na swali hilo moja: kipaji kitozwe ushuru kiasi gani?

Mwanzoni ushuru huo haukuwapo katika mashindano makubwa ya Uingereza. St Leger ilianza mwaka 1776, Oaks mwaka 1779 na Derby mwaka 1780. Humo farasi wenye umri wa miaka 3 hukimbia kwa uzito uleule, isipokuwa majike wakishindana na madume hupunguziwa kidogo. Shabaha ilikuwa kumjua bora wao, kisha azalishwe. Nasaba ililindwa kwa wivu mkubwa, na upande wa kuumeni farasi wote wa nasaba hiyo hufika kwa madume 3 waliotoka mashariki. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo, Syria, mwaka 1704.

Lakini bora akishajulikana, nani atalipa kiingilio ili ashindane naye? Hapo ndipo hendikapu ilipopata nafasi. Jina lilitoka kwenye mchezo wa zamani wa kubadilishana mali. Wawili walitia mikono ndani ya kofia, na mwamuzi akataja nyongeza ambayo mwenye mali hafifu angetoa ili wawe sawa. Mwaka 1791 uwanja wa Ascot, Uingereza, uliandaa Oatlands Stakes, hendikapu kubwa ya mwanzo, na Baronet, farasi wa mrithi wa kiti cha ufalme, akaibuka mshindi.

Aliyeigeuza kazi ya kupanga uzito kuwa elimu ni Admirali Henry John Rous, mwanamaji aliyestaafu akahamishia nidhamu ya merikebu kwenye viwanja vya mbio. Katikati ya karne ya 19 alipanga jedwali la uzito kwa umri, akizingatia mwezi na umbali, kwa kuwa farasi mchanga hukomaa kadiri mwaka unavyosonga. Jedwali limerekebishwa mara nyingi, ila msingi wake bado unatumika. Hesabu ya wapangaji wa leo ni ileile kwa asili yake: katika mbio ndefu, ratili 1 ya ziada hukadiriwa kumrudisha farasi nyuma kiasi cha urefu wa mwili wake.

Elimu hiyo ilijaribiwa kwelikweli Australia. Archer alishinda Kombe la Melbourne mara 2 za mwanzo, mwaka 1861 na 1862. Mwaka 1863 akapangiwa zaidi ya kilo 71. Mkufunzi wake, Etienne de Mestre, alituma telegramu ya kukubali, lakini siku ile ilikuwa sikukuu mjini Melbourne, ujumbe ukachelewa na farasi akakataliwa. Wenye farasi wengine wakajitoa kumuunga mkono, hata wakabaki 7 tu uwanjani. Mwaka 1890 Carbine alibeba karibu kilo 66, akawashinda wenzake 38. Hadi leo hakuna aliyeshinda kombe hilo na mzigo mkubwa kuliko huo.

Upande wa farasi wa kukokota kigari, mzani una sura nyingine. Dereva hukaa juu ya magurudumu 2 mepesi, hivyo uzito hauelemei mgongo. Haki hupimwa kwa mita: Sweden farasi mwenye mafanikio huanza mita 20 nyuma ya wenzake, Ufaransa mita 25. Hapa mwendo nao ni sheria. Wengine huenda matiti, mguu wa mbele wa kulia ukiandamana na wa nyuma wa kushoto. Wengine hutupa miguu ya upande mmoja kwa pamoja, kama ngamia. Farasi akichopoka akaenda shoti, dereva sharti amvute arejee kwenye mwendo wake. Kwa hiyo mafunzo yao huanzia kwenye subira: farasi hufundishwa kuikaza mbio bila kuuvunja mwendo. Mzee wa nasaba yao Marekani ni Hambletonian, aliyezaliwa jimbo la New York mwaka 1849 na kununuliwa pamoja na mama yake kwa dola 125. Shindano la jina lake lilianza mwaka 1926. Ufaransa ina Prix d'Amérique, iliyoanza mwaka 1920 kwa heshima ya Marekani, mshirika wake katika Vita Vikuu vya Kwanza.

Hata kwetu Afrika Mashariki mzani wa uzito mgongoni haujakoma. Katika uwanja wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954, hendikapu hukimbizwa, na joki hupimwa kabla na baada ya mbio. Anayeshuka akiwa pungufu huweza kuupoteza ushindi wake.

Naipenda hendikapu kwa sababu inampa hafifu sababu ya kuja uwanjani. Lakini ushuru wa haki huangalia mgongo unaotozwa, na kilo 68 zilivuka mpaka. Phar Lap hakuwa mwana wa anasa. Alinunuliwa kwa gini 160 tu, na mkufunzi wake, Harry Telford, alimkomaza kwa kumkimbiza kwenye vilima vya mchanga. Mtunzaji wake, Tommy Woodcock, alilala karibu na zizi lake kumlinda, maana mwaka 1930 watu walimfyatulia risasi siku chache kabla ya kombe. Aprili 1932 alifia California, wiki chache baada ya kushinda hendikapu kubwa ya Agua Caliente, Meksiko. Moyo wake umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa, Canberra. Wenye mizani hawakumwacha hata hapo: waliupima, wakakuta kilo 6.2.